Kamba ya Katani Niliyoifungua Njiani

Jumapili iliyopita mjukuu wangu Wekesa alikuja kunisalimu hapa Mugutha, akiwa na wenzake wanne kutoka vyumba vyao vya kupanga kule Kahawa Wendani. Walikunywa chai yangu, wakamaliza mkate wangu, kisha wakanionyesha kwenye simu boti watakayokodi mwezi ujao huko pwani. Boti ndogo ya injini, nyeupe, na mstari mwekundu ubavuni. Wanataka kutoka nayo nje ya mwamba, bahari ya wazi, dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi.

Nikauliza, "Mtakuwa wangapi?"

"Kama tisa hivi, Kuka," akasema Wekesa, maana ndivyo anavyoniita mimi babu yake.

"Kama tisa ni ngapi?"

Wakacheka. Nikauliza majaketi ya kuelea yatakuwa mangapi. Wekesa akasema, "Aah, Kuka, hizo tutakalia tu. Zinaharibu picha."

Nilinyamaza kwa sababu mgeni hafokewi chai ikiwa mkononi. Sasa wageni wameenda, vikombe nimevihesabu mara mbili na vyote vipo, na hasira yangu imeiva. Kwa hiyo nakuandikia wewe Wekesa, na hao wanne, na hao wengine ambao hamjui kama ni wanne au watano. Someni mpaka mwisho. Msiruke.

Mtashangaa fundi wa shamba la kahawa la Ruiru ana habari gani za bahari. Hata mimi nilishangaa. Nilikuja huku kutoka Bungoma nikiwa kijana, katikati ya miaka ya hamsini, kutafuta kazi yoyote isiyo ya kuchuma kahawa, maana nilikuwa nimeona nyapara akilipiga teke debe la mwanamke mpaka kahawa inashuka, halafu anasema, "Halijajaa, ongeza." Nikasema hapa ukihesabu mara moja umeliwa. Nikajipenyeza kwenye gereji.

Mwenye shamba tulimwita Bwana Kofia, kwa sababu ya kofia kubwa ya rangi ya udongo ambayo hatukuwahi kuiona ikiwa mbali na kichwa chake. Alikuwa na matrekta matatu yaliyohitaji breki na boti moja iliyohitaji bahari. Boti hiyo ilikuwa ya mbao, urefu wa hatua sita zangu, injini ikining'inia nyuma. Mwaka mzima ilikaa juu ya trela karibu na mashine ya kukoboa kahawa. Mara moja kwa mwaka ilivutwa na lori mpaka Kilifi, Bwana akavue samaki wakubwa apige nao picha. Mnaona? Hamkuanza nyinyi.

Aliyeitunza boti hiyo alikuwa Muchiri, fundi mkuu wa gereji, mwalimu wangu. Mtu mfupi, mkavu, mwenye maneno machache na yote yakiwa ya kukukosoa. Alikuwa amepigana vita vya Burma, akivusha askari kwenye mito mipana kwa boti za injini. Alijua mambo ya boti kuliko Bwana mara mbili. Lakini wakati huo ilikuwa Hali ya Hatari, na Mkikuyu hakuweza kuvuka hata daraja la Chania pale Thika bila karatasi. Mtu aliyevuka bahari kwenda kumpigania mfalme hakuruhusiwa kwenda Mombasa kukaza skrubu. Nikiikumbuka hiyo nakosa usingizi wa mchana, na kwa umri wangu usingizi wa mchana ndio mali niliyobaki nayo.

Basi ikaamuliwa niende mimi. Mluhya, kipande safi, yaani karatasi zangu za kazi hazina doa. Muchiri akapewa wiki mbili anifundishe.

Tulifundishana kwenye bwawa la shamba, lile la kuoshea kahawa. Siku ya kwanza alinituma nijaze madebe kumi na mawili ya maji, yale madebe ya petroli yenye kifuniko cha kuzungusha, niyapange ndani ya boti.

"Ya nini?" nikauliza.

"Hao ni watu," akasema. "Debe nne ni mtu moja. Unataka niweke Wazungu wa ukweli tukijaribu?"

Kwa hiyo abiria wangu wa kwanza walikuwa watu watatu wa maji. Tukazunguka bwawa, bata wakakimbia. Boti iliyokuwa ikiruka kama swala ikiwa tupu sasa ilitembea kama ng'ombe mwenye mimba. Muchiri akaniambia niangalie ubao wa pembeni umebaki vidole vingapi juu ya maji. Vilibaki vingi. Akaongeza mtu wa nne, kisha wa tano. Mtu wa tano alipoingia, kiwimbi kidogo tu, cha bwawa, kikaruka ndani kikaniogesha mpaka magotini.

"Sasa unajua boti inabeba wangapi," akasema. "Sio yule aliuza anajua. Ni maji inajua."

Wekesa, muulize mwenye boti yenu yenye mstari mwekundu kama maji yanajua habari ya hao kama tisa.

Mengine aliyonifundisha nayaandika jinsi yanavyonijia. Petroli igawe mafungu matatu: fungu la kwenda, fungu la kurudi, na fungu la ujinga wako. Hilo la tatu usiliguse ukipanga safari, liguse ukiharibikiwa. Ukiweza, anza safari ukipambana na upepo, ili ukirudi umechoka ukubebe. Mtu mmoja wa nchi kavu ajue umeenda wapi na utarudi jua likiwa wapi. Nanga ifungwe kwenye boti kabla ya kuitupa. Msicheke, wapo walioitupa kisha wakatafuta kamba. Tena kamba yenyewe iwe ndefu. Ile ya bwawani ilikuwa pima tatu, yaani mikono miwili iliyonyooshwa mara tatu. Muchiri aliitupa pembeni, akaenda akaomba kamba ya katani kwenye kiwanda cha Thika, akaiunga kwa mikono yake jioni tatu mfululizo mpaka ikafika pima arobaini.

"Mzee, hiyo kamba itafunga shamba lote," nikamwambia.

"Bahari haina chini kama hii bwawa ya bata," akasema. "Hesabu."

Nikahesabu pima arobaini. "Hesabu tena." Nikahesabu tena, zikawa thelathini na tisa. Akacheka mara moja, mara ya pekee kwa mwaka huo, akaunga moja zaidi.

Na jambo la mwisho. Safari ilihitaji madebe manne ya petroli iliyochanganywa na oili na madebe mawili ya maji ya kunywa. Yote sita ni ndugu: bati lilelile, kutu ileile, kifuniko kilekile. Muchiri akayafunga madebe ya maji kipande cha kamba ya katani kwenye kishikio cha kila moja. Akanishika bega. "Debe hesabu mara mbili. Macho mara ya kwanza, halafu mkono. Inua. Maji ni nzito kuliko petroli. Macho inaweza danganywa, mkono hapana." Akanipa na faneli ya bati, mdomoni ameitandika ngozi laini ile ya kufutia vioo vya gari. Petroli hupita ndani ya ngozi hiyo, maji hubaki juu. Inapita polepole sana. Niliiona kama adhabu.

Tukaondoka Ruiru, dereva, Bwana na mimi, boti nyuma. Muchiri alisimama langoni mwa gereji akihesabu kwa kidole mpaka tukapotea.

Tulipopita Mtito Andei turubai la boti likaanza kupigapiga kwa upepo. Bwana akasimamisha gari. "Funga hiyo! Pesi!" Nikatafuta kamba. Pima arobaini zilikuwa chini kabisa, chini ya nanga, chini ya kila kitu. Lakini mbele ya macho yangu palikuwa na vipande viwili vizuri vya katani, urefu uleule niliouhitaji, kwenye madebe ya maji. Nikavifungua. Nikafunga turubai. Nikajiambia: maji ni yale mawili ya kushoto, nani atasahau kushoto? Mjanja wa Ruiru, aliyemshinda nyapara kwa hesabu, alijiambia hivyo.

Kilifi wapagazi wakashusha mzigo. Mpagazi hana habari na kushoto kwako.

Huko tulipata nahodha, mzee Bakari, mvuvi mstaafu aliyejua milango yote ya mwamba. Alitazama upepo wa kusi, akatazama boti, akamwambia Bwana kwa upole, "Bwana, leo tungelala. Kesho asubuhi bahari huwa na adabu kidogo."

"Mimi nalipa boti iende, hapana lala," Bwana akasema.

Tukawa watu watatu na majaketi mawili. Bwana alivaa moja, la pili akaliweka chini ya makalio kwa sababu ubao ulikuwa mgumu. Wekesa, unasikia? Alikalia.

Kwenda tulibebwa na kusi kuelekea kaskazini, upande wa Watamu, tukala petroli kidogo hata Bwana akanisifu kana kwamba upepo ni wangu. Akavua samaki watatu. Kurudi ikawa hadithi nyingine. Upepo usoni, mawimbi yakija kama matuta ya shamba la mananasi, moja halijaisha lingine lipo. Petroli kama ile tuliyotumia kwenda tukaimaliza kabla ya nusu ya njia ya kurudi. Tangi likapungua. Bwana akapiga kelele, "Jaza! Jaza!"

Nikachukua debe lililokuwa karibu. Sikuliinua kwanza kulipima, nililiburuta. Ile ngozi ya kuchujia nikaing'oa kwenye faneli nikaitia mfukoni, maana boti inarukaruka na mtu anafoka. Harufu? Mikono yangu yote ilikuwa petroli tangu asubuhi, pua ilikuwa imeshalewa. Nikamimina.

Injini ikaenda kidogo. Ikakohoa. Ikanyamaza.

Sijasikia kimya kama kile. Halafu nikasikia kitu kingine ndani ya kile kimya, upande wa nchi kavu: mwamba, mawimbi yakivunjika juu yake. Kusi lilikuwa likitusukuma huko.

Mzee Bakari hakupiga kelele. "Nanga, mwanangu." Nikaitupa. Kamba ikaenda. Pima kumi, ikaenda. Ishirini, ikaenda. Nikaiona kamba ya Muchiri ikipita mikononi mwangu, maungio yake moja baada ya jingine, na nikakumbuka nilivyomcheka. Pima tatu za bwawani zingening'inia tu majini. Zilipobaki chache, nanga ikashika. Boti ikageuza pua ikatazama mawimbi, ikakaa.

Bakari akachovya kidole kwenye faneli, akaonja. Akanitazama. "Haya ni maji ya kunywa."

Niliyatazama madebe, yote sita ndugu, hakuna hata moja lenye kamba.

Basi nikafanya kazi. Nikalimwaga tangi lote baharini. Nikafungua plagi nikazikausha kwa shati, nikaivuta kamba ya kuwashia mara nyingi mpaka injini ikatema maji yote, na kiganja changu kikachunika. Bakari akainua debe moja moja: hili zito, weka, hili jepesi, leta. Mkono haudanganywi. Nikairudisha ngozi ya Muchiri mdomoni mwa faneli, nikamimina polepole, na wala sikuiona tena kama adhabu. Mawimbi yalikuwa yakiingia, na ndoo ilishachukuliwa na bahari, kwa hiyo Bwana akavua kofia yake akachota maji nayo. Miaka yote ile, ndiyo mara ya kwanza kuiona ile kofia ikifanya kazi.

Mvuto wa kumi na moja baada ya kujaza, injini ikashika. Tulifika Kilifi jua likiwa upande wa magharibi, tumelowa, wazima, watu watatu. Nilituhesabu mara mbili.

Hapo ndipo hadithi inapopaswa kuisha, na mngesema Kuka ametuchekesha. Haijaisha.

Bwana alishuka akiikamua kofia yake. Mtu aliyeogopa mbele ya watumishi wake hutafuta wa kumlipisha. Akaniuliza, "Nani alijaza madebe?"

Nikajibu, "Muchiri, Bwana."

Ni kweli. Muchiri ndiye aliyeyajaza. Sikusema uongo hata neno moja. Nilitoa ukweli kama lile debe la nyapara: ukilitazama, limejaa, ukilipiga teke, nusu ni hewa. Sikusema Muchiri aliyatia alama. Sikusema nani aliitoa alama. Nilisimama pale, maji yakinitoka kwenye suruali, nikangoja aniulize swali la pili. Hakuuliza. Mkikuyu, maji ndani ya petroli ya Mzungu: wakati ule hiyo ilitosha kuitwa hujuma. Akaingia hotelini kupiga simu.

Bakari alikuwa akikunja kamba ya nanga. Akasema bila kunitazama, "Kamba hii kaifunga nani?"

"Muchiri."

"Mtu huyu hakutaka mfe," akasema. Akaendelea kukunja.

Kutoka Kilifi mpaka Ruiru nilikaa kwenye lori siku mbili na Bwana akiwa pua na pua nami. Nilipata nafasi ya kusema Voi, tulipotia maji kwenye rejeta. Nilipata nafasi Mtito Andei, mahali palepale, na vile vipande viwili vya katani bado vikiwa vimefunga turubai. Niliviona kwa macho yangu. Nilipata nafasi Mto Athi. Mara tatu. Kila mara nilijadiliana na nafsi yangu, na mimi ni mjadili mzuri, huwa sishindwi: nitafukuzwa, mama yangu atakula nini, pengine Bwana ameshasahau, tukifika nitamwambia Muchiri mwenyewe kwanza, tutapanga. Bei nzuri kila mara. Kila mara nikainunua.

Tulipofika, meza ya Muchiri gerejini ilikuwa imesafishwa. Askari walikuwa wamemchukua siku iliyotangulia. Mkewe, Wambui, alikuwa amesimama nje ya nyumba za wafanyakazi na mtoto mgongoni. Hakulia. Aliniuliza, "Wasema nini wewe uliyeenda na hiyo boti? Alikosea hesabu? Yeye?"

Hapo ndipo nilipokimbia kwa Bwana. Nikamwambia yote: turubai, kamba, kushoto, ngozi mfukoni. Nikamletea vile vipande viwili, nikaviweka mbele yake kwenye baraza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, na tabasamu hilo nalichukia mpaka leo.

"Wewe iko mtu mzuri," akasema. "Hapana tetea rafiki. Mimi najua watu ya hapa." Akanipandisha cheo. Mimi nikawa fundi wa boti.

Nilienda mpaka kwa afisa wa serikali, Thika. Karani akaniambia nilete barua ya bwana wangu. Bwana wangu akaniambia nirudi kazini. Nikaenda tena, mara ya pili, maana nahesabu mara mbili. Jibu lilelile. Ukweli una wakati wake kama petroli: ukiuweka sana wazi jua likiwaka, huruka, ukija kuutaka unakuta bati tupu.

Muchiri alikaa kizuizini miaka miwili na miezi mitano. Alirudi akitembea kwa upande, goti la kushoto halikunji. Sisemi walimfanya nini, yeye mwenyewe hakusema. Nilikuwa gerejini alipoingia. Nilikuwa nimejitayarishia maneno kwa miaka miwili na miezi mitano, lakini yeye ndiye aliyeanza.

Akauliza, "Kamba ilishika?"

"Ilishika, mzee."

"Pima ngapi?"

"Zilibaki tatu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea chenji iliyo sawa. Kisha nikamwambia. Nilimwambia kwa kusimama, yote, hata nafasi tatu za barabarani, kwa majina yake. Hakunipiga. Ningefurahi kama angenipiga. Aliitazama meza yake ya zamani, na vyombo vyangu vilivyokuwa juu yake, akasema, "Mimi nilikuambia mkono."

Tuliishi jirani mpaka alipokufa, yeye Witeithie, mimi hapa. Alikuwa akija kunitembelea, alikula kwangu, watoto wake na wangu walisoma pamoja. Hakuwahi kunitukana, wala kulitaja jambo hilo mbele ya mtu. Lakini kila nilipompa glasi ya maji, Wekesa, kila mara, miaka yote hiyo, aliishika kwanza, akaipimapima kwa mkono, juu, chini. Halafu akainusa. Halafu akanitazama. Ndipo akanywa.

Wageni walidhani ni mchezo wetu wa wazee, walicheka sana. Kuna siku hasira zilinipanda, nikataka kumwambia, mzee, imetosha sasa. Sikuwa na haki.

Hasira hiyo sijawahi kupata pa kuipeleka. Sasa umekuja wewe, na "kama tisa hivi."

Nenda ukahesabu watu, kwa majina. Hesabu majaketi, kila moja liwe kifuani, si chini ya makalio. Inua kila debe. Ukimaliza njoo hapa Mugutha uniambie ni ngapi na ngapi. Nitakupa glasi ya maji, na nitakutazama unavyoishika.